Sauti Waliyokataa Kuitoa

Wanangu mnaoingia katika kazi hii ya kuuliza watu maswali, nianze na aibu yangu ili mjue mnazungumza na mtu gani. Mtu wa kwanza kabisa niliyemhoji alinimwagia ndoo ya maji. Maji ya kisima, wakati wa kiangazi, nje kidogo ya Garissa, mbuzi wamepanga foleni wakilia kwa kiu! Mmeelewa? Mama yule aliona ni afadhali mbuzi wake wasubiri kuliko mimi nibaki mkavu.

Mwaka ulikuwa 1963. Mimi Habiba, binti wa muuza nguo na sukari, nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimesoma Isiolo kwa shangazi yangu, nikarudi Garissa na Kiswahili safi, Kiingereza cha kubabaisha, na Kisomali cha nyumbani. Wanawake wa namna hiyo mjini kwetu siku zile mngeweza kuwakalisha kwenye benchi moja na nafasi ikabaki. Basi alipokuja Daktari Kurup, mtu mwembamba wa kusini mwa India, mwalimu wa chuo, akitafuta mwanamke wa kuhoji wanawake, hakuwa na wengi wa kuchagua.

Kazi yake ilinisisimua mara tu aliponieleza. Alikuwa akilinganisha mawazo ya wapigakura katika nchi tatu changa: India kwao, Kenya, na Somalia. Baada ya uchaguzi, watu wake wanapita nyumba kwa nyumba na fomu ileile, maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule. Ulipiga kura? Ulimpigia nani? Unaiamini serikali yako? Unadhani kura yako inabadilisha kitu? Halafu anaweka majibu ya mvuvi wa kwao kando ya majibu ya mchunga ngamia wa kwetu na kuyatazama kwa pamoja. Mimi niliyekuwa sijawahi kuvuka Isiolo nikawaza: kumbe naweza kukaa Garissa na kumsikia mtu wa India akinijibu!

Ila Garissa ilikuwa na jambo lake. Uchaguzi wa mwezi wa tano mwaka ule, ule wa kuingia katika uhuru, watu wetu waliukataa. Wengi walitaka eneo letu liungane na Somalia, na waliona kuwa kupiga kura ya Kenya ni kukubali kubaki Kenya. Hawakujiandikisha, na siku yenyewe hawakutokea. Kila mtu alilijua hilo, hata mimi. Lakini fomu ilisema niulize, nami nilikuwa na kalamu mpya.

Nikamwendea yule mama kisimani. Ayeyo Shukri, ayeyo kwetu ni nyanya, bibi wa makamo ya mama yangu mkubwa, mikono yenye nguvu kama ya mwanamume. Sikuuliza habari za mbuzi. Sikuuliza habari za mvua. Nilifungua fomu na kusema, "Ayeyo, katika uchaguzi uliopita ulimpigia nani kura?"

Aliacha kuvuta kamba. "Nani amekutuma?"

"Hakuna, ayeyo. Ni utafiti."

"Huyo Utafiti ni mtoto wa nani?"

Nikacheka. Kucheka ndiko kulikonimaliza. Ndoo ilinipata kifuani, na fomu zangu ishirini zikageuka uji.

*

Aliyenifundisha kazi hii si Daktari. Ni adeer Salat, ami Salat kwa Kiswahili. Alikuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka mingi, mzee mrefu mwenye ndevu za hina, na Daktari alimwajiri awe msimamizi wetu. Nilipofika kwake nimelowa, hakunihurumia. Alinitazama juu mpaka chini akaniuliza, "Uliketi?"

"Hapana, adeer."

"Yeye alikuwa ameinama, wewe umesimama na kalamu mkononi. Wallahi, hata mimi ningekumwagia."

Kisha akanipa masomo ambayo mpaka leo sijaona kitabu kilichoyashinda. Kalamu ikae mfukoni mpaka mtu acheke mara moja. Ukae chini kuliko anayejibu. Akiwa kwenye mkeka, wewe kaa mchangani. Habari za wanyama kwanza, kisha za maji, kisha za wagonjwa, na usizipite haraka, kwa sababu humo ndimo mtu anapokupima. Na jibu likichelewa, nyamaza. Vijana wengi mnaogopa kimya, mnakijaza kwa kumtajia mtu jibu. Kinyamazieni. Ndani ya kimya mna mtu anatafuta maneno.

Somo kubwa zaidi lilikuwa la lugha. Kumbukeni kwamba wakati ule Kisomali hakikuwa na maandishi yaliyokubaliwa. Fomu zilikuwa kwa Kiingereza, nasi tulitakiwa kutafsiri papo hapo, kila mmoja kwa kichwa chake. Adeer Salat akasema hilo haliwezekani; wahoji wanne watauliza maswali manne. Akatukalisha nyumbani kwake tukayatunga maswali kwa mdomo na kuyashika kwa moyo, neno kwa neno, kama watoto wa chuo cha Kurani wanavyoshika sura. Kisha akatupeleka mmoja mmoja kwa mkewe, Ruqiya, aliyekuwa jikoni na hakujua fomu inasema nini. Tunamwuliza kwa Kisomali, naye anamwambia mumewe kwa Kiswahili tulichomwuliza.

Zamu yangu ikafika. Nikamwuliza Ruqiya swali la kuiamini serikali.

Akageuka kwa mumewe. "Huyu msichana anauliza kama naamini serikali yangu. Mimi nauliza: gani? Ya Nairobi ama ya Mogadishu?"

Tulicheka mpaka tukaegemea ukuta, lakini adeer Salat hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwa Daktari, nami nikamfuata. Kiswahili chake kilikuwa chetu cha Garissa, p ikitoka b. "Daktari, hii swali yako iko na bengo. Bengo kubwa, ngamia anabita."

Daktari aliandika. Alikuwa na sifa hiyo, aliandika kila aliloambiwa, hata la kumwumiza.

Halafu kulikuwa na neno lenyewe la kura. Kwa Kisomali, kura na sauti ni neno moja. Kuuliza "ulipiga kura?" ni sawa na kuuliza "uliitoa sauti yako?" Ruqiya alipoulizwa hivyo alijibu bila kufikiri, mwiko mkononi: "Sikuitoa. Niliizuia."

Wanangu, nilirudi kwenye karatasi. Fomu ilikuwa na visanduku vya asiyepiga kura: alikuwa mgonjwa, kituo kilikuwa mbali, hajali. Hakikuwapo cha aliyeizuia sauti yake.

*

Tukabadilisha namna ya kuingia. Hatukuuliza tena "ulimpigia nani." Tulisema: "Kulikuwa na siku ya kutoa sauti. Siku ile wewe ulifanya nini?" Ni hilo tu. Jaribuni siku moja muone. Mtu ukimwuliza alichochagua, anajikinga. Ukimwuliza siku yake ilikwendaje, anakusimulia mpaka chai inapoa.

Nilirudi kisimani kwa Ayeyo Shukri na kumvutia maji asubuhi nzima, viganja vikanitoka malengelenge, ndipo akanijibu maswali yote. Yeye siku ile alikuwa amefunga mlango wa nyumba na kukaa mbele yake, karani asije akapata mtu wa kumpeleka kupiga kura.

Tulisafiri kwa lori mpaka Wajir na zaidi. Huko Eldas, mama mmoja aliniambia siku ya kura alikoka moto wa sherehe kana kwamba ni Idi. Lakini Bute ndiko nilikokutana na jibu lililonifanya nisimame nilipokuwa nimeketi. Mzee Gedi, mfuga ngamia, mguu mmoja mbovu. Nikamwuliza siku yake ilikwendaje.

"Nilitembea siku mbili," akasema.

"Kwenda wapi, adeer?"

"Kituoni, kwenye kura."

Nikadhani hatimaye nimempata mpigakura. "Ukapiga?"

"Nipige nini? Nilikaa mbele ya mlango tangu walipofungua mpaka walipofunga. Nilitaka karani anione kwa macho yake kwamba nimefika na sikuingia. Ningebaki nyumbani wangesema mguu umenishinda."

Mtu ametembea siku mbili kwa mguu mbovu ili asipige kura! Na fomu yangu inataka nimwandike nini? Mgonjwa? Mbali? Hajali? Nikaacha visanduku vyote vitupu. Pembeni, kwenye ukingo wa karatasi, nikaandika neno moja, ALIKATAA, na nyuma ya karatasi maneno yake.

Kisha tukashuka mpaka Diff, mpakani. Hapo niliwakuta ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, Barwaqo na Sahra. Barwaqo aliolewa upande wa Kenya, Sahra upande wa Somalia, na wote walinywesha wanyama visima vilevile. Sahra alikuwa amepiga kura kwao, tena kwa furaha. Barwaqo alikuwa amekataa huku kwetu. Niliwahoji mmoja baada ya mwingine, na kwa kila swali la mawazo walijibu karibu maneno mamoja: nani atawale, nini kiletwe, watoto wasomee wapi. Nilipomaliza, Sahra akauliza nimeandika nini juu ya dada yake. Nikamwonyesha visanduku na kumwelezea kila kimoja.

"Hajali?" Sahra alishika kiuno. "Huyu? Huyu aligombana na mume wake siku saba kwa ajili ya kura hiyo! Mimi nilikwenda na kurudi kwa saa moja. Ukitaka kujua nani anajali zaidi, ni yeye!"

Barwaqo akamalizia, "Mimi na yeye tumesema kitu kimoja. Yeye alikuwa na mahali pa kukisemea."

Niliandika maneno hayo nyuma ya fomu. Kwa mara ya kwanza niliona kile Daktari alichokitafuta kwa kulinganisha nchi na nchi, na nilikiona kimesimama mbele yangu, dada wawili na birika moja la maji.

*

Daktari hakufurahi. Alikuja Garissa, akapekua fomu zangu, akaona pembeni pamejaa ALIKATAA, ALIKATAA, ALIKATAA. Akavua miwani.

"Habiba, nchi tatu, fomu moja. Ukiongeza kisanduku hapa ambacho hakiko kule, silinganishi tena. Ninakuwa na hadithi za Garissa tu."

"Lakini Daktari, nikiwaandika hawajali, utakuwa na uongo wa Garissa."

Adeer Salat alikohoa. Nilijua nimevuka mpaka. Msichana hasemi hivyo na mwajiri wake. Daktari alipekua fomu chache tena. Mwishowe akasema niweke alama kwenye "hajali" kwa sasa, na maneno ya pembeni niyaache, angefikiri. Akaondoka kwenda Nairobi.

Sikuweka alama. Nawaambia ukweli, sikutii. Na msinichukue kuwa shujaa, kwa sababu Daktari naye alikuwa na haki. Kila mhoji akianza kujitungia visanduku, kazi ya kulinganisha imekufa. Nilijua hivyo, nikalala nalo, nikaamka bado siwezi kumwandika mzee Gedi kuwa hajali.

Mwaka ulipokaribia kwisha, mambo yakageuka. Kenya ilipata uhuru, na haikupita muda eneo letu likatangaziwa hali ya hatari. Vita vya shifta, yaani vya majambazi, kama serikali ilivyoviita, vilikuwa vimeanza. Askari barabarani, vibali vya kusafiri, watu wakiitwa na kuulizwa wako upande gani. Na mimi chini ya kitanda nilikuwa na fomu zinazosema nani alikataa kura na kwa nini.

Fomu zilikuwa na namba tu. Lakini Daktari alitaka kuwarudia watu walewale miaka ya baadaye, kwa hiyo nilikuwa na daftari: namba hii, jina hili, kijiji hiki. Adeer Salat alikuja asubuhi, hata chai hakuitaka.

"Binti, lile daftari ni kamba. Kila jina ni shingo."

"Nilichome?"

"Ukilichoma, Daktari hatawapata tena, na kazi yote imeharibika."

Akakaa. Akaniuliza, "Babu zako unawahesabu mpaka wangapi?"

Kwetu kila mtoto hufundishwa majina ya mababu, moja nyuma ya jingine, mpaka kwa mzee wa ukoo. Nikayataja yote kwa pumzi mbili.

"Sasa hawa watu wa daftari ni babu zako wapya," akasema.

Siku nne nilipika anjera, mikate yetu ya maji, huku nikiimba majina. Moja, Shukri wa kisimani. Mbili, Ruqiya. Tatu, nne, mpaka zaidi ya mia. Mama yangu alidhani nimepatwa na homa. Adeer Salat alikuja kila siku kunipima, anaruka huku na huku: "Thelathini na saba?" "Gedi, Bute." "Themanini?" "Barwaqo, Diff." Siku ya tano sikukosea hata moja. Nikalichana daftari karatasi kwa karatasi na kuliweka chini ya bamba la anjera. Wallahi, zile anjera ziliiva vizuri kuliko zote nilizowahi kupika.

*

Sasa fomu zilipaswa kufika Nairobi. Nilipata kibali na kupanda lori la ngozi, fomu zikiwa ndani ya mfuko wa unga. Kwenye kizuizi cha barabarani mbele kidogo ya mto, askari waliupata mfuko. Nikateremshwa. Lori likaambiwa lingoje.

Afisa alikuwa mtu wa bara, mnene, uso umechoka, ameketi chini ya turubai na joto la saa sita limemkalia. Alisoma fomu moja, ya pili, ya tatu.

"Wewe msichana. Hii makaratasi ni ya nini?"

Nikampa barua ya Daktari. Akaisoma, akairudisha. Akachomoa fomu nyingine. "Namba thelathini na saba. Anasema alienda kuketi mbele ya kituo ili asipige kura. Huyu ni nani?"

Gedi, Bute. Jina lilikuwa pale pale nyuma ya meno.

"Afande, karatasi haina jina."

"Naona haina. Mimi nakuuliza wewe."

"Afande," nikasema, na sijui maneno yalitoka wapi, "tangu asubuhi umesimamisha watu wangapi hapa? Majina yao unayo kichwani?"

Alinikodolea macho. Nikaona mdomo wake unataka kucheka na kazi yake haimruhusu. Akarudi kwenye fomu, akifunua kwa hasira, kisha polepole. Alisoma maswali. Akafika penye swali la kama kura yako inabadilisha kitu, akatoa sauti ya pua.

"Hii swali," akasema. "Huko kwetu mmeuliza?"

"Mahali pengi, afande. Kwenu sijui."

"Kwetu hakuna mtu amekuja." Alitazama barabara, vumbi, lori. "Mimi nilipiga kura. Nililala kwa foleni. Yule mtu tulichagua, tangu siku hiyo hajaonekana tena. Mama yangu yuko huko anachota maji ya mto."

Wanangu, kuna dakika katika kazi hii ambayo haifundishwi. Mbele yangu alikuwa mtu anayeweza kunifunga, na nilichokiona ni mtu anayengoja kuulizwa. Nikaketi chini, mchangani. Nikatoa fomu tupu.

"Afande, siku ile ilikwendaje?"

Alizungumza kwa muda wa saa nzima. Askari wake walikuja wakasimama nyuma wakisikiliza, mmoja akaanza kujibu na yeye, akafokewa angoje zamu. Swali la kuiamini serikali alilifikiria sana, akasema niandike "nusu." Fomu haikuwa na nusu. Nikaandika pembeni.

Nilipomaliza akauliza, "Jina langu umeweka wapi?"

"Hatuandiki jina, afande. Una namba."

Akaitazama ile namba yake kwa muda. Halafu akakusanya fomu zote, akazipanga vizuri kuliko zilivyokuwa, akazirudisha kwenye mfuko wa unga. "Panda lori," akasema. "Na hiyo yangu isipotee."

Nilipanda. Tulipokwenda mbali kidogo nilianza kucheka, dereva akaniuliza kama nimerukwa na akili.

*

Nairobi, Daktari alikuwa na chumba kimoja kilichojaa kadi. Hatukuwa na mashine za kuhesabu kama hizi zenu. Kila mtu aliyehojiwa alikuwa na kadi moja yenye matundu pembeni, na kila tundu lilikuwa na maana yake: mwanamke, mwanamume, alipiga, hakupiga. Ukitaka kuwatenga watu wa jibu fulani, unakata matundu yao yawe wazi, unapitisha sindano ya kufumia sweta katika rundo zima na kuinua. Waliokatwa wanaanguka mezani, wengine wanabaki kwenye sindano. Raha ya kazi hiyo siwezi kuieleza! Unainua, unatikisa, na watu wa kijiji kizima wanakudondokea mbele.

Nilimweleza yote, la daftari, la afisa, na kwamba sikuweka alama ya "hajali." Nilingoja anifukuze. Akachukua fomu zangu akazisoma pembeni, zote, siku nzima. Alipofika kwa dada wawili wa Diff aliisoma mara mbili. Kisha akaenda kwenye sanduku la kadi za India, akapitisha sindano, akatikisa. Wasiopiga kura wa kwao wakaanguka. Akachukua fomu zao halisi akaanza kusoma nyuma, walikoandika wahoji wake wenye tabia mbaya kama yangu.

"Habiba," akasema, sauti imebadilika, "njoo."

Kulikuwa na kijiji cha wavuvi. Kwenye visanduku wote walikuwa hawajali. Nyuma ya fomu moja mhoji ameandika kwamba waliapa pamoja kutopiga kura mpaka kijiji kipate daraja. Fomu nyingine, hivyo hivyo. Na nyingine. Niliwahi kuwaza kwamba ningemsikia mtu wa India akinijibu. Nikamsikia! Nao walikuwa wameizuia sauti yao.

Daktari alikaa chini. "Nilishawahesabu," akasema. "Nilishafundisha darasani kwamba ni wavivu."

Jioni ileile aliandika barua mbili, moja India na moja Mogadishu, kuwaagiza wahoji wake wawarudie wasiopiga kura na kuwauliza siku ile walifanya nini. Majibu yalichukua miezi. Yalipokuja, nchi zote tatu zilikuwa na watu wa kukataa kama wetu, wengine wachache, wengine wengi. Fomu iliyofuata ilichapishwa na kisanduku kipya, na adeer Salat alipoonyeshwa alikisoma kwa kidole, akasema tu, "Sasa ngamia habiti."

*

Nimalizie na 1967. Vita vilikuwa vinaanza kupoa, nami nikapewa kibali cha kuwatafuta watu wangu kwa mahojiano ya pili. Ilikuwa kazi nzito. Wafugaji wengi walikuwa wamekusanywa katika vijiji vya kuzungushiwa uzio karibu na vituo vya polisi, wanyama wao wengi wamekufa au wamechukuliwa. Nilitembea nikitaja majina kimoyomoyo na kuuliza. Wengine walikuwa wamevuka mpaka. Wengine waliniambia tu, "Allah amrehemu," na lile jina nililibakisha mahali pake katika mfululizo, kama babu.

Katika kijiji kimoja cha namna hiyo karibu na Garissa nilimtafuta mmoja wa watu wangu nikamkosa, nikamkuta mkewe, Dahabo, mwanamke wa umri wangu, ananyonyesha. Nilipata ruhusa ya kumhoji yeye. Alijibu kila kitu kwa ukali wa mtu ambaye hana tena cha kupoteza. Alikataa mwaka ule na angekataa tena, akasema, na kisanduku chake kikawapo, nikaweka alama.

Nilipofunga kalamu, akanishika mkono.

"Ngoja. Miaka yote hii unatembea kuuliza watu. Wewe mwenyewe ulikataa?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Si Daktari, si adeer Salat, si afisa wa kizuizini. Ningeweza kusema ndiyo, na nani angejua? Lakini yeye alikuwa amenipa majibu yake yote.

"Dada," nikasema, "mimi nilikuwa Isiolo kwenye harusi ya binamu yangu. Nilikuwa nimepakwa hina mikono na miguu, siwezi kugusa kitu. Jioni mtu akasema leo ilikuwa siku ya kura. Nikasema, 'Kumbe!' Nikaomba pilau zaidi."

Dahabo alinitazama. Kisha akacheka, na kicheko kilikuwa cha mtu aliyekisahau kwa muda mrefu. Mtoto aliachia titi akamshangaa. Wanawake wa vibanda vya jirani wakachungulia. Akawaita, akawasimulia, pilau na yote, nao wakacheka wakishikana mabega, nami nikacheka nao mpaka machozi.

"Basi jiandike," Dahabo akasema akipangusa macho. "Leta karatasi. Sisi sote tumejibu."

Nikatoa fomu tupu. Nikajipa namba iliyofuata. Nikasoma visanduku kwa sauti ili wote wasikie: mgonjwa, mbali, alikataa, hajali. Na mbele ya wanawake wale wote nikaweka alama kwenye "hajali," kile kisanduku nilichokipiga vita tangu nikiwa msichana, kwa sababu kilikuwa na haki yake ya kuwapo na mtu wake halali nilikuwa mimi.

Dahabo aliinama akaikagua alama ile kwa karibu.

"Kaza wino," akasema. "Usije ukajifuta njiani."